Udongo wa Kichanga wa Kigamboni Ushike Maji: Tunaandaa Shamba la Mahindi Matamu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena shambani Kigamboni. Leo ni udongo tu. Kupanda ni video ijayo, msianze kuniuliza mbegu.

Tazameni, namwaga kopo la maji hapa... yameshakwenda! Hicho ndicho kichanga chetu. Weka mbolea ya dukani leo, mvua kubwa ikinyesha kesho imeshazama chini ya mizizi. Na mahindi matamu ni walafi. Yakikosa maji wakati wa kutoa ndevu, utavuna magunzi yenye mapengo.

Kulima mnajua. Kina sentimita 20, twende.

Sasa mboji. Hii ni ya kinyesi cha kuku na maranda. Hapa utulie unisikilize: kinyesi kibichi kinaunguza miche. Usiangalie rangi, usidanganywe na muuzaji, hata mimi. Chukua nondo, ichomeke katikati ya lundo, subiri dakika 10. Kijana, sogeza kamera... usikanyage tuta! Haya, naichomoa... aah! Moto, bado halijaiva! Jamani, hili nilitaka kuwaonesha kwamba limeiva. Usikate, acha waone. Tunaligeuza, tunalinyunyizia maji, tunalifunika turubai, tunahamia lile la kule migombani.

Hili sasa. Nondo imetoka ya baridi. Shika: maranda yamekuwa meusi, yanavunjika kwa vidole, na harufu ya banda hakuna tena. Hili ndilo. Ndoo ya lita 20 inatosha mita 3 za mraba. Mwaga, tandaza, changanya na udongo wa juu. Usiifukie chini kabisa, mizizi mingi ya mahindi iko juu.

Mwenzake ni vumbi la makumbi ya nazi, nusu ndoo kwa eneo lilelile. Halina chakula kingi, kazi yake ni kushika maji. Lakini uliza makumbi yametoka wapi! Yale yaliyofukiwa ufukweni ili yatoe usumba wa kusokota kamba yamekunywa chumvi ya bahari. Loweka kwa maji matamu, mwaga, loweka tena, kisha onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ndiyo, onja. Na visima vyetu huku vingine vina chumvi, kwa hiyo onja na maji ya kulowekea.

Wa bara msio na minazi, chomeni pumba za mpunga mpaka ziwe nyeusi, mzimwagie maji kabla hazijawa jivu. Mimi napenda makumbi, ni ya bure. Maranda mabichi usiweke kabisa: yakianza kuoza yanajichukulia naitrojeni, mahindi yanabaki ya njano.

Narudia, nondo kwanza! Ikiwa ya moto, subiri.

Mwagilia, funika kwa nyasi kavu, acha wiki mbili. Tuta hili tulilianza mapema. Namwaga kopo lilelile... mnaona? Linazama polepole, na ukiufinya udongo unashikana kidogo. Usitegemee likae hivi miaka. Joto la Pwani linakula mboji haraka, kila msimu unaongeza.

Mboji iliyoiva ninauza kwa kiroba, bei iko chini ya video. Usafiri juu yako, na nondo njoo nayo.