Wosia wa Wakili George Wythe

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa sheria, nimeombwa nizungumzie mmoja wa mawakili wa mwanzo wa Marekani. Jina la Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais, mnalijua. Mimi nimemchagua mwalimu wake.

George Wythe alizaliwa Virginia mwaka 1726, katika shamba la familia lililoitwa Chesterville. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na shamba likaenda kwa kaka yake mkubwa, Thomas. Yeye ilimbidi atafute kazi. Mwaka 1746 akaruhusiwa kufanya uwakili, na mwishoni mwa 1747 akamwoa Ann Lewis, ambaye hakumaliza hata mwaka akafariki. Baadaye alimwoa Elizabeth Taliaferro, wakaishi Williamsburg zaidi ya miaka 30. Walijaliwa mtoto mmoja tu, naye alikufa akiwa mchanga.

Ya siasa nayapitia mbio: alitia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani, na mwaka 1779 akawa profesa wa kwanza wa sheria nchini humo, katika Chuo cha William and Mary. Mwaka 1787 alikuwa Philadelphia kwenye mkutano wa kutunga Katiba. Akauacha, akarudi kumuuguza mkewe. Elizabeth alifariki mwaka huohuo.

Sasa tuingie nyumbani kwa mgane huyu, maana kesi ya kifo chake imo humo. Mpishi wake, Lydia Broadnax, alikuwa mtumwa wake. Wythe alimwachia huru mwaka 1787, na mama huyo akaendelea kumpikia hata alipohamia Richmond akiwa jaji. Alikuwemo pia kijana huru mwenye asili ya Kiafrika, Michael Brown, ambaye mzee alimfundisha Kilatini na Kigiriki. (Wapo wanaodai Michael alikuwa mwanawe wa siri. Wanasheria wenzangu, uvumi si ushahidi.) Na alikuwemo George Wythe Sweeney, mjukuu wa dada yake, kijana wa kamari na madeni.

Katika wosia wake Wythe aliwatengea Lydia na Michael sehemu ya mali, na akamwomba Jefferson, wakati huo Rais, asimamie masomo ya Michael. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa ya Sweeney, naye aliwekwa arithi pia fungu la Michael endapo Michael angetangulia kufa.

Mei 1806 wote watatu, mzee, Lydia na Michael, waliugua ghafla. Ilishukiwa kwamba kahawa ya asubuhi ilitiwa sumu ya aseniki. Michael alikufa tarehe 1 Juni. Wythe, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, alijikaza kitandani hadi akabadilisha wosia na kumfuta Sweeney, kisha akafariki tarehe 8. Lydia alipona.

Kwa hiyo shahidi alikuwepo: Lydia, aliyekuwa jikoni asubuhi ile. Lakini sheria ya Virginia haikuruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Sweeney, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiwa. Alikutwa na hatia ya kughushi hundi za mzee, nayo hukumu hiyo ikatenguliwa. Mmoja wa mawakili waliomtetea alikuwa Edmund Randolph, yuleyule aliyemwandikia Wythe nyongeza ya mwisho ya wosia.

Hapa ndipo ninapotaka mkae kidogo. Baada ya uhuru, Virginia iliunda kamati ya kuzipitia upya sheria zake, na kazi ikamaliziwa na Jefferson, mwanasheria Edmund Pendleton, na Wythe mwenyewe. Katika miswada waliyoiwasilisha mwaka 1779 ulikuwemo wa watumwa, wenye kifungu hichohicho cha kuwazuia weusi kutoa ushahidi, nao ukapitishwa mwaka 1785. Kalamu huenda ilikuwa ya Jefferson, lakini jina la Wythe limo. Wengi humsifu kwa uamuzi wake katika shauri la Hudgins na Wright, la watumwa waliodai uhuru wao, aliposema uhuru ni haki ya kuzaliwa ya kila binadamu. Mahakama ya Rufani ikaikataa hoja hiyo kwa watu weusi. Mimi namsifu pia, ila sifa hiyo haikifuti kile kifungu.

Mwaka 1807 Lydia, macho yakiwa yamedhoofu, alimwandikia Jefferson kuomba msaada. Akatumiwa dola 50.