Nionyeshe pa Kutegea Sikio

Wazee wetu, kina mama na vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kumsikiliza mtu mwenye mfuko wa kaseti.

Nimeombwa nizungumzie nyimbo za zamani ninazozipenda, za roki na nyinginezo. Siku hizi kupeana wimbo ni rahisi mno. Kijana wangu hunitumia linki kumi kabla sijanywa chai, chini ameandika "moto!" Nikimuuliza huo moto uko wapi, ananijibu, "Baba, wewe sikiliza tu." Sikubali. Ukinipa wimbo, nionyeshe na pa kutegea sikio.

Hilo nililijua nikiwa mtoto wa kambini, hapa hapa Jinja. Jirani yetu alikuwa sajenti, Kiswahili chake cha amri tupu: lete, simama, nyamaza. Jioni moja ya 1978 alituwekea "Hotel California" ya Eagles kwenye redio kaseti yake. Maneno hatukuyaelewa hata moja. Mwimbaji aliponyamaza tukadhani wimbo umekwisha, tukainuka. "Kaa chini! Sasa ndiyo unaanza."

Hapo yanaingia magitaa mawili, la Don Felder na la Joe Walsh. Moja linauliza, la pili linajibu, yanapokezana kama wazee wenye kesi ya shamba, kisha yanashikana na kupanda pamoja mpaka sauti inafifia. Ni dakika mbili hivi katika wimbo wa dakika sita na nusu. Miaka mingi baadaye kuna stesheni moja, jina silitaji, iliyokuwa ikiukata papo hapo ili kupisha tangazo la sabuni. Nilipiga simu kulalamika mara nyingi hata wakawa wananijua kwa kikohozi.

Sasa, mtu akiniambia roki ni ya Wazungu, namwekea "Bohemian Rhapsody" ya Queen, ya 1975. Aliyeutunga, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wimbo wenyewe unakaribia dakika sita na hauna kiitikio. Tegeni sikio kwenye kile kipande cha katikati kinachosikika kama kwaya nzima. Ni watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakirekodi sauti zao tabaka juu ya tabaka. Humo ndani kuna "Bismillah". Bibi yangu, Mnubi wa Bombo, alipolisikia neno hilo aliweka chini ukili aliokuwa akisuka. "Huyu kijana analilia nini? Na Bismillah kaijulia wapi?" Nikamwambia Unguja. Akasema, "Aa," akaendelea na kazi yake.

Kantri sitaikalia sana, kwa Uganda haihitaji wakili. Aliyevaa nguo ya viraka shuleni akachekwa anamwelewa Dolly Parton na wimbo wake wa 1971 wa koti la viraka, "Coat of Many Colors", bila mkalimani. Na "Mario" ya Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, ya 1985, tegeni pale anapoacha kuimba akaanza kusema, akitoa malalamiko ya mama mwenye mali juu ya kijana anayekula kwake bure. Gitaa chini yake halichoki hata kidogo. (Naona kuna vijana wanatazama chini.)

Wa mwisho ni wa kwetu. Mwaka 1977 Erinayo Oryema, waziri katika serikali ya Amin, aliuawa. Mwanawe Geoffrey alitoroka nchi akiwa amefichwa kwenye buti la gari. Mwaka 1990, akiwa Ulaya, alitoa albamu aliyoitayarisha Brian Eno, na humo kuna "Land of Anaka". Anaka ni kule Acholi, kwao.

Sajenti wetu aliondoka 1979 na jeshi lililokuwa linakimbia, redio akamwachia mama yangu. Sikumwona tena. Huu ndio wimbo ambao ningependa kumwekea, nimtazame usoni, nione yeye angeniambia nitege wapi. Mimi sijapapata. Kila nikiusikiliza, panahama.

Fundi mitambo, tuwekee tafadhali. Na nyinyi wa nyuma, sogeeni mbele kidogo, hiyo spika ya huko inakoroma.