Dakika 25 za Chiara Luce: niliyoongea na vijana wa parokia

Tumsifu Yesu Kristo! Haya asanteni, kaeni, na nyie wa kule nyuma sogeeni huku viti vipo, spika ya upande huo inakwaruza na sitaki mtu aniambie hakuskia.

Viongozi wenu wa VIWAWA, umoja wenu wa vijana Wakatoliki, wameniomba niongelee Mwenyeheri Chiara Luce Badano, Mwenyeheri yaani amebakiza hatua moja kutangazwa mtakatifu, maana mwezi wa kumi ndo mwezi wake, alifariki tarehe 7 Oktoba 1990 na kumbukumbu yake tunaifanya tarehe 29 Oktoba, siku aliyozaliwa. Mimi sio padri wala mwanateolojia, kazi yangu ni uuguzi, niko wodi ya watoto, kwahiyo nitamwongelea kama nesi anavyomwona binti wa miaka 17 akiwa kitandani.

Chiara alizaliwa 1971 Sassello, mji mdogo wa milimani kaskazini ya Italia, mkoa wa Liguria. Baba yake Ruggero alikuwa dereva wa lori, mama Maria Teresa, na walikaa kwenye ndoa miaka 11 bila mtoto, nyie mnajua miaka 11 bila mtoto maneno ya majirani yanavyokuwa. Akaja huyu mmoja tu, hakufuatiwa na mwingine. Kwahiyo mkimfikiria Chiara msisahau kwamba hawa wazazi walikuwa na jicho moja tu.

Alikuwa binti wa kawaida kabisa na hili nalipenda. Anacheza tenisi, anaogelea, anapenda mziki, anapenda kucheza na kuimba, anatoka na marafiki kwenda kukaa mgahawani. Shule ilimgomea, mwaka wa kwanza wa sekondari alifeli akarudia darasa na iliuma sana. Wapo humu ndani waliorudia darasa, sitaki mnyooshe mikono, nataka tu mjue kuna Mwenyeheri wa Kanisa ambaye aliona jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

Akiwa na miaka 9 alianza kwenda na Wafokolari, ile harakati ya Kikatoliki aliyoianzisha Chiara Lubich huko Trento mwaka 1943 wakati wa vita, na ndo humo alipojifunza kuchukua neno la Injili na kuliishi. Mama yake siku moja akamuuliza, hivi ukiwa na wenzako huko mgahawani unawaambia habari za Yesu? Akamjibu hapana mama, simwongelei sana, nawapa Yesu kwa kuwasikiliza na kwa jinsi ninavyokaa nao. Alikuwa bado binti mdogo wakati anasema hivyo, na mimi nikiwa wodini nalikumbuka hilo jibu mara nyingi, nitarudi kwake.

Sasa ugonjwa. Ilikuwa kiangazi cha 1988, anacheza tenisi, ghafla bega la kushoto linamchoma maumivu makali hadi raketi inamdondoka. Mwanzoni halikuonekana jambo la kutisha, nani atashtuka mtoto wa michezo akiumia bega? Vipimo vilivyofuata vikaonyesha ni osteosakoma, saratani ya mfupa, na ilishaanza kusambaa.

Hapa naomba nisimame kidogo kama nesi. Osteosakoma inapenda sana watoto wa umri wenu, kipindi kile mifupa inarefuka kwa kasi, inakaa zaidi karibu na goti na sehemu ya juu ya mkono karibu na bega. Na inadanganya! Kijana anasema nimeumia mpirani, mama anakanda na maji ya moto, wiki zinapita, anapelekwa kwa fundi wa kuvuta mifupa, anachanjwa, anafungwa majani, mwisho anafika Ocean Road au Bugando au KCMC goti limeshakuwa kubwa na mapafu yameshaguswa. Maumivu ya mfupa yanayozidi usiku, yasiyoisha, uvimbe unaokua bila sababu ya kueleweka, hiyo ni hospitali moja kwa moja upigwe picha. Wakati wa Chiara walikuwa na hospitali nzuri ya watoto kule Torino na bado ilimshinda, sisi tukichelewa inakuwaje?

Haya turudi. Kuna siku moja ambayo ndo imenifanya nikubali kuja kuongea hapa. Alikuwa ameshaelezwa na daktari hali yake na dawa za kemo, zile kali za saratani, atakazoanza, na nywele zitakavyoondoka. Akarudi walipofikia, mama yake anamsubiri ndani, anamwona binti anatembea taratibu kavaa koti lake, akamuuliza imekuwaje Chiara? Chiara akasema, sasa hivi usiseme kitu mama, sasa hivi usiseme kitu. Akajitupa kitandani na koti lake vilevile, macho kafumba, kakaa kimya. Mama anamwangalia, anaona kabisa usoni vita inayopiganwa pale, anatamani kumwambia maneno yote ya faraja aliyonayo, na hakusema hata moja. Zikapita dakika 25. Halafu Chiara akageuka, akatabasamu ile tabasamu yake, akamwambia sasa unaweza kuongea mama.

Baadae mama yake alisema alijiuliza Chiara itabidi arudie mara ngapi ile ndiyo yake kwa Mungu. Chiara ilimchukua dakika 25, na toka siku hiyo hakurudi nyuma.

Watu wengi wakisimulia hii wanakimbilia tabasamu. Mimi naomba tukae kwenye zile dakika, kwasababu imani ya Chiara ilikuwa ndani ya zile dakika, pale alipokuwa hajui kama ataweza. Na mama yake alikuwa na imani pia maana alinyamaza! Sisi tunaweza? Mtoto akipewa majibu tu, hata hajafika kitandani, shangazi keshaanza usilie Mungu ni mwema, mjomba anasema kataa ugonjwa kwa jina la Yesu, jirani anatoa ushuhuda wa mtu aliyekuwa mahututi akapona, na mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza unajiskiaje. Nimewaona wodini vijana wanaojifanya wamelala ili tu wageni wa kuwafariji waondoke. Na wengine tunaongea juu ya kichwa chake, tunamnong'oneza nesi asiambiwe, wakati kashaelewa kila kitu toka macho yetu. Chiara aliambiwa ukweli, akapewa na nafasi ya kuumeza.

Na jingine, nalisema bila kuzunguka. Kuna wahubiri wanaowaambia wagonjwa waache dawa maana ukimeza dawa huna imani. Huyu binti ambaye Kanisa limemtangaza Mwenyeheri alifanyiwa upasuaji, alipigwa kemo, nywele zikaanguka na kila fungu la nywele likianguka anasema kwa ajili yako Yesu, alirudi hospitali kila alipoitwa. Miguu ikapooza, akakaa kitandani muda wote na sala yake ikawa ile ile fupi, kama wewe unataka Yesu, na mimi nataka. Sijaona popote kwenye maisha yake alipotenganisha kanisa na hospitali. Kwahiyo mtu akimwondoa mtoto wodini kwa jina la imani, tafadhali asimtaje Chiara.

Kuna suala la mofini pia, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, najua litaulizwa. Ni kweli Chiara aliikataa, alisema inamwondolea akili timamu na yeye kitu pekee kilichobaki cha kumtolea Yesu ni maumivu yake. Mimi naliheshimu hilo sana kwasababu lilikuwa ni lake, alichagua mwenyewe akiwa anajua anachochagua. Lakini sio amri kwa mgonjwa mwingine, na mzazi usije ukamnyima mtoto wako dawa ya maumivu eti Mwenyeheri flani hakutumia. Kanisa halikatazi kabisa. Uganda jirani zetu hapa kuna Hospice Africa, ilianza 1993, wametengeneza mofini ya maji ya kunywa ya bei nafuu mpaka mgonjwa wa kijijini anaipata nyumbani, na hiyo tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa mateso, kwangu mimi ni huruma ya Injili kabisa, imewekwa kwenye chupa.

Sasa yale niliyosema nitarudi, la kuwapa watu Yesu kwa kuwasikiliza. Akiwa Torino kwenye matibabu kulikuwa na msichana mwingine wodini, alikuwa na shida ya madawa ya kulevya na sonona kali. Chiara alikuwa anaamka kutembea nae kwenye korido, uti wa mgongo unamuuma vibaya mno, wazazi wanamwambia mwanetu pumzika, anawajibu nitapata muda wa kulala baadae. Siku ya Wapendanao aliwafukuza kabisa baba na mama waende kula chakula cha usiku wawili peke yao na wasirudi kabla ya saa sita, maana alijua akishaondoka hao wawili watabaki wanatazamana na lazima waanze kuzoea. Fikirieni mtoto anayekufa anawapangia wazazi wake ndoa yao. Akiba yake akampa rafiki aliyekuwa anaenda kwenye umisionari Benin, na Afrika ilikuwa moyoni mwake toka zamani, alikuwa na ndoto ya kuwa daktari aje huku kutibu watoto. Hakufika yeye, hela ikafika.

Baba yake Ruggero alikuwa na wasiwasi, na namwelewa sana huyu mzee. Alijiuliza hivi huyu mtoto anatabasamu kwa ajili yetu tu tusiumie? Akawa anachungulia kwenye tundu la ufunguo aone akibaki peke yake anakuwaje. Akamkuta ni yule yule. Mimi ningekuwa mzazi ningechungulia pia, na nafurahi kwamba hii habari haikufichwa, kwasababu inaonyesha hata baba wa Mwenyeheri alikuwa na maswali yake na alienda kutafuta jibu kwa macho yake.

Jina la Luce, yaani nuru, alipewa na Chiara Lubich kwenye barua, walikuwa wanaandikiana. Na mazishi yake aliyapanga mwenyewe kama harusi, gauni jeupe, nyimbo gani ziimbwe, masomo gani yasomwe, akamwagiza mama wakati unanivisha uwe unasema sasa Chiara Luce anamwona Yesu. Alitamani pia awakabidhi vijana mwenge kama kwenye olimpiki, kwasababu yeye hawezi kukimbia tena, na vijana wana maisha mamoja tu inafaa wayatumie vizuri. Maneno ya mwisho kwa mama yake ni kwaheri mama, uwe na furaha kwasababu mimi ninayo. Ilikuwa Jumapili alfajiri, zimebaki wiki tatu hivi atimize miaka 19. Konea za macho yake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, alishasema zitolewe, wakapewa vijana wawili.

Askofu wake wa jimbo la Acqui, Livio Maritano, alikuwa anamjua toka akiwa hai, ndo aliyefungua kesi ya kumtangaza Mwenyeheri, 1999. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa kwa maombezi yake ni kupona kwa kijana wa Trieste aliyekuwa anakufa kwa homa ya uti wa mgongo. Akatangazwa Mwenyeheri tarehe 25 Septemba 2010 Roma, kwenye patakatifu pa Divino Amore, na wazazi wote wawili wakiwepo. Wiki iliyofuata Papa Benedikto wa 16 akawa Palermo akawaambia vijana na familia wamsome huyu binti na wawasome na wazazi wake, na mimi naona hapo alilenga penyewe, maana ule uwezo wa kunyamaza dakika 25 Maria Teresa aliupata wapi kama sio kwenye ile miaka 11 ya kusubiri?

Jumamosi wale mliojiandikisha kuja wodini, tunaanza saa nne, mje na kadi za karata na vitabu vya kuchora. Tafadhali msije kuhubiri, mkifika kaeni, mtoto akitaka kuongea ataongea, asipotaka chezeni karata. Naona mikono, tuanze na wewe dada wa kitenge cha kijani, uliza.