Gastrini, homoni inayoita tumboni

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Hii kapsuli niliyoshika mnaijua, omeprazo, unaingia duka la dawa unasema nina vidonda vya tumbo, unapewa, ikiisha unarudi. Sasa sikilizeni kinachoendelea huko ndani.

Mfuko wa chakula una homoni yake inaitwa gastrini, Mwingereza John Edkins ndo aliitaja kwanza 1905 na wenzake wakambishia miaka mingi. Inaamsha asidi itoke, na pia inazifanya seli za ngozi ya ndani zizaliane, na hili la pili ndo linaloninyima usingizi, maana asidi ikipungua homoni hainyamazi, inazidi kuita tu, kama mama anayeita mtoto aliyeko mbali.

Mara nyingi anayeanzisha huko kupungua kwa asidi ni bakteria wa tumboni anaitwa H. pylori, madaktari Marshall na Warren walimwotesha maabara kule Perth, Australia, 1982, na 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO likamweka kwenye visababishi vya saratani. Anakaa miaka na miaka, ngozi inasinyaa, asidi inakauka, gastrini inapanda, seli zinazaliana pale pale palipochoka, zinaanza kubadilika taratibu. Si wote wanafika kwenye saratani jamani, ni wachache, ila wanaofika wengi wanakuja wamechelewa.

Kuna kipimo cha damu, gastrini pamoja na pepsinojeni, kitu ambacho mfuko wa chakula unatengeneza kwa ajili ya kusaga protini. Pepsinojeni 1 ikiwa chini na gastrini juu, tunahisi ngozi ya sehemu ya juu imesinyaa. Lakini omeprazo nayo inakata asidi, kwa hiyo nayo inapandisha gastrini! Mzee mmoja alikuja na binti yake, karatasi ya majibu imekunjwa mpaka imechanika, gastrini iko juu, binti analia, kumbe baba kameza kapsuli asubuhi ile ile na hakuna aliyemuuliza. Na dawa hiyo hiyo inamficha bakteria asionekane kwenye vipimo. Tukamsimamishia wiki mbili, tukarudia, gastrini imeshuka ila bakteria yupo.

Kwa hiyo kabla ya kupima taja kila dawa unayomeza, na usiiache kienyeji, mwambie daktari. Na kama unakonda, unatapika, choo cheusi kama lami, chakula kinakwama, hapo usisubiri kipimo cha damu wala kapsuli, omba kamera, ile inayopitishwa mdomoni mpaka tumboni, wakate kinyama wakapime. Yule mzee tulimpeleka kamera, kinyama kikarudi safi, akatibiwa bakteria wake.

Mama pale nyuma, uliza.