Daktari wa mitambo anayeandika programu, na saa iliyokimbia dakika 16

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Taa yangu leo imegoma, nivumilieni hivyo hivyo.

Kila wiki naulizwa: "Daktari, umesota na uzamivu wa mitambo miaka yote ile, halafu unaishia kuandika programu? Si umepoteza muda?" Wengine mnauliza kwa upole, wengine mnanitania. Sawa tu.

Niseme ukweli. Tasnifu yangu ilihusu mitetemo ya mihimili yenye nyufa, na tangu nitoke chuoni hakuna aliyeniuliza habari zake. Nimeandika programu za picha za hospitali, nikahamia mifumo ya malipo, sasa niko kwenye vihisi vya mashine. Ufa sijauona tena. Kilichonifuata kote ni ugonjwa wa maabara: siamini namba mpaka nijue imetoka wapi.

Ngoja niwape kisa. Tulikuwa na kifaa kinachopima mtetemo wa mashine kila sehemu ya kumi ya sekunde. Wateja wakalalamika kwamba saa yake inakimbia. Wenzangu, vijana wakali kuliko mimi kwa kuandika programu, wakasema saa irekebishwe kila usiku, yaishe. Nikaomba siku moja. Nikachukua daftari (ndiyo, bado natumia karatasi, nichekeni) nikafanya kama maabara: toa vyote, bakiza kimoja. Nikaandika mistari minne ya programu, inayohesabu kama saa ile: anza na sifuri, jumlisha 0.1, rudia mara milioni moja. Mtoto wa shule atakwambia jibu ni 100,000. Mimi nikapata 100,958 na ushee. Sekunde 958 za ziada, karibu dakika 16!

Zimetoka wapi? Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1, na kwa hesabu hiyo moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama theluthi inavyokugomea kwenye desimali: 0.333 mpaka kesho. Basi inakatwa mahali. Nasi tulitumia namba za biti 32, yaani nafasi 32 tu za kuandika 0 au 1, kwa hiyo kadiri jumla ilivyonenepa, kile kidogo tunachoongeza kilizidi kukadiriwa ovyo, na makosa yakaegemea upande mmoja. Dawa: hesabu hatua kwa namba kamili, kisha zidisha kwa 0.1 mwishoni. Mistari miwili, basi.

Na jambo hili limewahi kuua. Februari 1991, katika vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot, wa kutungua makombora, kule Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa saa 100 hivi. Sehemu ile ile ya kumi ya sekunde, imekatwa kwenye biti 24. Saa ikapotoka kwa theluthi ya sekunde, kombora la Scud la Iraq likapita, wanajeshi 28 wa Marekani wakafa.

Lakini uzamivu haukunifundisha kuandika programu ambayo mtu mwingine ataisoma. Hapo vijana wale wale walininyoosha, na kiburi kikanitoka.

Wewe uliye kwenye uzamivu na unawaza kuhamia huku, chukua ile programu iliyochora grafu za tasnifu yako, mpe rafiki aiendeshe kwenye kompyuta yake bila wewe kumwelekeza. Mimi nilijaribu. Ikakataa katakata: ilikuwa inatafuta folda kwenye kompyuta niliyokwisha kuiuza.