Jinsi ya kukokotoa nguvu ya kuongeza kasi ya gari

Karibu, mtazamaji. Leo tunakokotoa nguvu ambayo injini inatakiwa kutoa ili gari lishike kasi. Chukua daftari, kalamu na kikokotoo tufanye pamoja.

Swali liko ubaoni. Daladala iliyojaa abiria ina tungamo la kilo 3,000. Inaondoka kituoni na kufikia kilometa 72 kwa saa ndani ya sekunde 15. Barabara ni tambarare, na kwa sasa tunapuuza msuguano na ukinzani wa hewa.

Kwanza geuza kasi iwe mita kwa sekunde. Gawanya 72 kwa 3.6, unapata 20. Usiiruke hatua hii kamwe. Ukiingiza 72 kwenye kanuni inayofuata, jibu litazidi karibu mara 13, kwa sababu kasi inazidishwa kwa yenyewe.

Sasa tafuta nishati mwendo: nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena. 1,500 mara 20 mara 20 ni jouli 600,000. Gari lilikuwa limesimama, kwa hiyo zote hizo zimetoka kwenye injini. Kama lingekuwa tayari linatembea, ungetoa kwanza nishati iliyokuwapo.

Nguvu ni kazi inayofanyika kila sekunde. Gawanya 600,000 kwa 15: wati 40,000, yaani kilowati 40. Ukitaka kwa nguvu za farasi, kipimo cha James Watt wa Uskoti, gawanya wati kwa 746. Ni kama farasi 54.

Wanafunzi wengi huishia hapa. Wewe endelea, maana utamu wa swali uko mbele. Hizo kilowati 40 ni wastani tu. Tazama: mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde, ni 20 gawanya kwa 15, sawa na 1.33. Zidisha kwa tungamo, unapata kani, yaani msukumo, wa nyutoni 4,000. Na nguvu ya papo hapo ni kani mara kasi. Gari likiwa ndiyo kwanza linaondoka, nguvu ni karibu sifuri. Likifika mita 10 kwa sekunde, ni kilowati 40. Likifika mita 20, ni kilowati 80! Mara mbili ya wastani.

Je, injini isiyozidi kilowati 40 ingekuwaje? Ingesukuma kwa nyutoni 4,000 mpaka mita 10 kwa sekunde, sekunde 7.5 zikiwa zimepita. Kati ya zile jouli 600,000 zimebaki 450,000, na kwa kilowati 40 zinahitaji sekunde 11.25. Gari lingefika, ila baada ya sekunde 19 hivi.

Turudishe tulivyovipuuza. Tuseme hewa na msuguano vinavuta nyutoni 600: kwenye mita 20 kwa sekunde ongeza kilowati 12. Mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 20 za barabara unavuta nyutoni 1,500, ongeza nyingine 30. Pamoja na zile 80, jumla ni kilowati 122. Sasa unaelewa kwa nini gari lililojaa huupanda mlima Kitonga, kule Iringa, kwa gia ndogo na mwendo wa taratibu.

Zamu yako. Gari la kilo 2,000, kutoka kusimama hadi kilometa 90 kwa saa, sekunde 20, barabara tambarare. Simamisha video ukokotoe.

Tayari? Wastani ni kilowati 31.25, na mwishoni, kwa mchapuko usiobadilika, 62.5.