Hazina, taarifa na sifuri ndani ya Kiingereza

Asanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Kuna kauli inayoniumiza kila ninapoisikia: kwamba Kiswahili ni lugha ya kuombaomba maneno na Kiingereza kinajitosheleza. Jioni hii naomba tukipekue Kiingereza mifukoni.

Tuanze na hazina. Kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa yupo mhazini. Mzizi wake ni wa Kiarabu, nao unahusu kuweka akiba. Ghala kwa Kiarabu ni makhzan. Yakiwa mengi, makhazin. Neno hilo lilivuka Bahari ya Kati, Waitaliano wakalitamka magazzino, na kufikia miaka ya 1500 Waingereza walikuwa nalo: “magazine”. Maana ilikuwa ileile ya ghala, na baadaye hasa la baruti na silaha. Ndiyo maana hata kikasha cha risasi kwenye bunduki kina jina hilo.

Sasa twende London, mwaka 1731. Mchapishaji Edward Cave anaanzisha jarida la kila mwezi, The Gentleman's Magazine. Mbele anaweka picha ya lango la mawe la St John's, alikokuwa na matbaa yake. Ndani amerundika habari, mashairi na makala, kama mtu anayejaza ghala. Samuel Johnson, aliyekuwa akimwandikia Cave, alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alieleza kwamba maana mpya ya “magazine”, yaani jarida, imetokana na jarida lile. Ni nadra mno neno ligeuke maana na tumjue aliyeligeuza! Mimi hili hunisisimua hadi leo.

Taarifa nayo ina ndugu huko. Kwa Kiarabu ta'rif ni kujulisha. Sisi tumebaki na kujulisha, tunaketi kusikiliza taarifa ya habari saa mbili usiku. Kule Ulaya ikawa orodha ya kuwajulisha wafanyabiashara ushuru wao, kisha ushuru wenyewe: “tariff”.

Na sifuri? Kwa Kiarabu sifr ni kitu kitupu. Mwaka 1202 mwanahisabati Mwitaliano, Leonardo wa Pisa, aliiandika kwa Kilatini zephirum, na humo ikazaliwa “zero”. Kwa njia nyingine ikawa “cipher”, ambayo nayo ilimaanisha sifuri kabla ya kuitwa maandishi ya siri.

Kwa hiyo mwalimu anayeandika 0 ubaoni, akasema “sifuri”, kisha akasema “zero”, ametaja neno moja mara mbili.